Utafiti wa Vyuo Uturudie Sisi Tulioulizwa

Ndugu wafanyakazi wa viwandani, wa mashambani na wa mialoni, kutoka Muhuta hadi Rumonge na Nyanza-Lac,

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la wasomi peke yao, nalo ni utafiti unaofanywa na vyuo vya ufundi na vyuo vikuu. Tunajua wako ndugu watakaosema: "Sisi tunadai mshahara, glavu na bei nzuri ya mikungu. Utafiti unatuhusu nini?" Tunawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho. Tunakusudia kuonyesha kwamba mshahara, glavu na bei ya mikungu vinategemea sana nani anajua nini, na nani amefichwa nini.

Kila mwaka wanafunzi hushuka kutoka mjini kwa barabara ya Rumonge, kila mmoja na somo lake. Wa kilimo hupima michikichi. Wa ufundi wa mitambo hutazama mashine za kukamulia mawese. Wa kemia huchukua mafuta kidogo katika chupa. Wa ujenzi hupiga picha milima ya Gitaza. Wa mambo ya samaki hukaa mwaloni hadi alfajiri wakihesabu ndagala. Wa elimu ya jamii huwauliza akina mama wana watoto wangapi na wanapata faranga ngapi kwa siku. Wote tunawajibu. Tunaacha kazi, tunatafuta kigoda cha mgeni, tunaeleza. Kisha wanaaga, na huo ndio mwisho wa habari. Kitabu kinaandikwa kwa Kifaransa, kinatetewa mbele ya walimu, mwanafunzi anapewa shahada yake, na kitabu kinawekwa kabatini. Sisi tulioulizwa hatuoni hata ukurasa mmoja.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa utafiti wa namna hii mgeni anakuja, mgeni anapona, na mwenyeji anabaki na ugonjwa wake.

JAMBO HILI LINA HISTORIA

Pale Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, liko jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa juu ya magari ya mizigo. Wazungu hao wawili walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutafuta jibu la swali moja: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Huo nao ulikuwa utafiti. Walifika, wakaona kwamba mto unaingia, na ulimwengu wa kusoma ukawapongeza.

Lakini miaka 13 kabla yao, mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Uvira, wana wa mtawala wa huko waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Watu wa ziwa walijua tangu zamani, kwa maana waliuvuka mto huo na kuuvua. Jibu lao halikuhesabiwa kuwa ni elimu mpaka mgeni alipolithibitisha. Na wale waliopiga makasia kutoka Ujiji hawakuchongwa popote. Hatulitaji jiwe la Mugere kwa ajili ya kuwalaumu marehemu. Tunalitaja kwa sababu mtindo ule bado upo: mpiga kasia hutoa nguvu na habari, na mwenye daftari hubaki na jina.

MCHIKICHI NA SIRI YA KOKWA

Tuchukue zao letu wenyewe. Kila mkata mikungu anajua kwamba ziko chikichi zenye kokwa nene na nyama kidogo, na ziko zenye kokwa nyembamba na nyama nyingi. Sababu yake ilipatikana katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo, na kutangazwa mwaka 1941 na wataalamu wawili, Beirnaert na Vanderweyen. Walionyesha kwamba mchikichi wa kokwa nene, uitwao dura, ukichanganywa na ule usio na kokwa, uitwao pisifera, huzaa mti wa katikati uitwao tenera. Tenera hutoa mafuta kiasi cha asilimia 30 zaidi ya dura.

Kazi ya kupata habari hiyo haikuwa ya kalamu tu. Maua lazima yafunikwe mifuko, unga wa ua dume uletwe kwa mkono, mikungu ikatwe na kupimwa mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ya juu ya mti ilifanywa na vibarua. Baadaye mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yalipandwa tenera, na leo nchi hizo mbili hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia. Elimu iliyopatikana kwa jasho la Kongo imetajirisha makampuni ya mbali kabla ya kumfikia mkulima wa Rumonge.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuuma mfukoni. Ukiokota kokwa chini ya mti mzuri wa tenera na kuzipanda, hutapata tenera tupu. Katika kila miche minne, kwa kawaida mmoja utarudi kuwa dura, miwili itakuwa tenera, na mmoja utakuwa pisifera, ambao mara nyingi hauzai mikungu ya maana. Kwa hiyo mtu anayepanda kokwa za kuokota anapoteza sehemu ya shamba lake, na hatalijua hilo mpaka miaka mitatu au minne ipite na jasho limekwisha kumwagika. Jambo hili limo vitabuni tangu 1941. Tunauliza: ni wakulima wangapi wa Muhuta waliowahi kuambiwa kwa lugha wanayoisikia?

Liko na jambo la ukali wa mafuta. Chikichi ikichubuka na kulala, ndani yake kinafanya kazi kimeng'enya kinachoyavunja mafuta na kuyatia asidi. Kupika chikichi kwa mvuke au maji ya moto mapema ndiko kunakokizima. Maana yake ni kwamba mikungu ikikaa siku nyingi ikingoja gari, mafuta huharibika hata kama mkamuaji ni fundi wa kwanza. Lakini mnunuzi anapokata bei kwa kusema "mafuta yenu ni makali", nani hubeba lawama? Hubeba mkataji na mpishi. Aliyechelewesha gari haguswi. Mfanyakazi anayeijua sababu hii anaweza kusimama mbele ya meza na kusema: andikeni saa ya kukata, andikeni saa ya gari kufika, kisha tuzungumze juu ya bei. Hapo ndugu zetu waone jinsi utafiti unavyoingia katika madai ya chama.

ZIWA: NANI ALAUMIWE?

Upande wa ziwa jambo ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu chakula cha kila mfanyakazi. Ndagala ndiye nyama ya mtu mwenye mshahara mdogo. Sote tunaona kwamba ziwa halitoi kama zamani. Swali ni: kwa sababu gani?

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitoa utafiti wao katika gazeti la kisayansi la Nature. Walisema kwamba joto la dunia limeipasha sehemu ya juu ya Tanganyika. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na rutuba yake imezama huko chini. Upepo wa kiangazi ndio unaosaidia kuipandisha. Rutuba isipopanda, vijimea vya majini hupungua, na ndagala anayetegemea chakula hicho hupungua pia. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea hivyo umeshuka kwa kama asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa kama asilimia 30. Wataalamu wengine waliwapinga, wakisema kwamba uvuvi wenyewe ndio uliotia mkono mkubwa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimbua matope ya chini ya ziwa, wakasoma ndani yake mabaki ya samaki na konokono wa miaka mingi, wakasema kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Msidhani hayo ni mabishano ya wasomi yasiyomhusu mvuvi. Ikisemwa kwamba kosa ni la mvuvi peke yake, dawa itakuwa kumfungia mvuvi peke yake. Ikisemwa kwamba kosa ni la moshi wa viwanda vya nchi tajiri pia, basi mvuvi anayeambiwa apumzishe ziwa ana haki ya kuuliza: na sisi tutakula nini katika miezi hiyo, na nani atalipa? Tanzania ililifunga ziwa upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Inawezekana kabisa kwamba kupumzisha ziwa kuna faida, na hatuwezi kukataa elimu kwa kuwa ni chungu. Nyavu za macho madogo na vyandarua vinavyoburutwa ufukweni huzoa vifaranga, na mvuvi mwenye akili anajua hivyo bila kuambiwa na mtu. Lakini lazima mvuvi awe na hesabu yote mkononi anapokaa katika mkutano, asipewe kipande kinachomhukumu yeye tu.

Utafiti wa ziwa haukosekani. Kituo cha Uvira kipo ng'ambo. Kituo cha TAFIRI kipo Kigoma. Mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa uliosimamiwa na FAO miaka ya 1990 ulikuwa na makao yake papa hapa Bujumbura. Makaratasi ni mengi. Kinachokosekana ni daraja kutoka kwenye makaratasi hadi mwaloni.

UTAFITI ULIORUDI

Ili tusionekane watu wa kulalamika tu, tutaje mahali ambapo daraja hilo lilijengwa. Pale Mvugo, upande wa Nyanza-Lac, mradi wa FAO ulionyesha jinsi ya kuanika ndagala juu ya vichanja vya waya badala ya mchangani. Hapakuwa na mashine wala umeme: miti, wavu, na urefu unaomfaa mama anayefanya kazi amesimama. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi, mchanga hauingii, na mvua ikija turubai hufunikwa mara moja. Akina mama waliona kwa macho yao, wakapokea. Hakuna aliyewauliza shahada.

Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kigoma, tangu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoanzisha juhudi za kufufua zao la mchikichi mwaka 2018, kituo cha TARI Kihinga kimepewa kazi ya kutoa mbegu za tenera ili ziwafikie wakulima. Huko nako matatizo hayakosi, lakini njia ni ile tunayoitaka: kituo cha utafiti kinaulizwa mbegu iko wapi, hakiulizwi karatasi tu. Burundi tunayo ISABU tangu 1962, na ina wataalamu wa mazao. Nguvu ipo. Ielekezwe.

Na hapa Muhuta tunao mfano wa utafiti unaongojewa. Machi 2015 mlima wa Gitaza uliporomoka, ukaifunga barabara ya Bujumbura na Rumonge na kuwaacha watu bila makao. Barabara hiyo hupita kati ya mlima na maji, na haina pa kukimbilia. Ikifungwa, mawese hayapandi mjini na sabuni haishuki, na kibarua wa kupakia halipwi siku hiyo. Wanafunzi wa ujenzi wanaotaka swali la kuandikia kitabu wasiende mbali. Udongo upi unateleza? Mifereji ichimbwe wapi? Miti gani ipandwe na nani alipwe kuipanda? Nyumba zipi zihame kabla ya masika? Mwenye kujibu hayo ameokoa maisha ya watu.

KWA NINI UTAFITI HAURUDI

Hatusemi kwamba walimu wa vyuo ni watu wabaya. Wao nao ni wafanyakazi, na mara nyingi mishahara yao huchelewa kama yetu. Sababu iko katika mpango wenyewe wa kazi. Mwalimu hupandishwa cheo kwa makala yaliyochapishwa katika magazeti ya kisayansi, hasa ya ng'ambo. Hapandishwi cheo kwa kichanja kilichosimama wala kwa mkutano wa mwaloni. Kwa hiyo utafiti huenda mahali unapohesabiwa.

Ona pia jinsi vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vilivyopanda daraja. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilichoanza 1957 kiligeuka kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo cha ufundi cha Mbeya kilichofunguliwa 1986 leo ni chuo kikuu. Kile cha Mombasa kilichoanza kufundisha miaka ya 1950 kimekuwa chuo kikuu cha kiufundi mwaka 2013. Kupanda huko ni heshima, na hatukupingi. Hatari ni chuo kupanda huku karakana yake ikibaki chini, fundi akaonekana mtu wa daraja la pili, na swali la kiwandani likaonekana dogo mno kwa mwenye joho.

Sababu nyingine ni fedha. Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali. Kama mlipaji ni shirika la mbali, swali litakuwa lake. Na kama mlipaji ni mwenye kiwanda, mfanyakazi afungue macho: utafiti huohuo unaweza kuwa wa kupima ni dakika ngapi mtu hupumzika, au wa kuleta mashine ya kuvunja kokwa itakayowaondoa akina mama ishirini bila kuwapa kazi nyingine. Hatukatai mashine. Mashine imwondolee mama maumivu ya mgongo, lakini isimwondolee chakula.

TUNATAKA NINI

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo haya, na tunaomba kila tawi liyajadili katika mkutano wake:

1. Kila mwanafunzi au mwalimu anayefanya utafiti katika kiwanda, shamba au mwalo wetu aahidi kabla ya kuanza kwamba atarudi kueleza alichokiona. Aje yeye mwenyewe, au alete karatasi mbili kwa Kirundi na Kiswahili. Kitabu kizima kibaki cha Kifaransa kama sheria ya chuo inataka. Karatasi mbili hazimfilisi mtu.

2. Kila mwaka matawi yakusanye maswali ya wafanyakazi na kuyapeleka vyuoni. Sisi tunayo tayari: moshi wa majiko ya kukamulia unatufanya nini mapafuni? Soda kali ya kupikia sabuni inatuunguza mikono na macho. Ni kinga gani ya bei ndogo inayoweza kutengenezwa hapa? Mchikichi mrefu uliozeeka ukwewe kwa kamba ya namna gani ili mkataji asianguke? Maji machafu ya mawese yafanywe nini badala ya kumwagwa katika vijito vinavyoingia ziwani?

3. Saa ambazo mfanyakazi anatumia kumsaidia mtafiti zihesabiwe kuwa saa za kazi, asikatwe mshahara.

4. Utafiti unaolipiwa na mwenye kiwanda juu ya mashine mpya au mpango mpya wa kazi upite kwa wawakilishi wa wafanyakazi kabla ya kutekelezwa.

5. Mfanyakazi aliyetoa ujuzi wake atajwe jina, akipenda mwenyewe. Mzee anayejua kusoma upepo na mwezi kwa ajili ya kuvua ndagala ana elimu kama mwenye shahada.

6. Watoto wa wafanyakazi wapate nafasi katika shule na vyuo vya ufundi. Mtafiti aliyekulia chini ya mchikichi hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Nasi tuna wajibu wetu. Tuandike. Tawi lisilo na daftari haliwezi kubishana na mwenye kitabu. Tuandike mikungu imekatwa lini na imechukuliwa lini, nani ameanguka na kutoka mti wa urefu gani, nani ameungua, ndagala wamepatikana ndoo ngapi katika usiku usio na mwezi. Daftari kama hilo likijazwa mwaka mzima ni utafiti tosha, na hakuna mnunuzi atakayelicheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tumekwisha kuinama siku nyingi kwa kazi ya wengine; safari hii tuiname kuandika kwa ajili yetu.

Ndugu wafanyakazi, mtafiti atakapofika tena Muhuta na daftari lake, mpokeeni vizuri kama desturi yetu ilivyo. Mpeni kigoda, mjibuni kwa ukweli, msimfiche kitu. Kisha, kabla hajainuka, mwulizeni kwa adabu: "Mwalimu, utarudi lini kutuambia?" Jibu lake mliandike katika daftari la tawi, pamoja na tarehe.